Jibu: Sealed Knot ni ya zama za Cromwell au ya mwaka 1968?

Salaam, ndugu. Umekwama kwa sababu chanzo kimoja kinasema Sealed Knot ilianza miaka ya 1650, kingine 1968, na hujui kama ubrigadia wa Peter Young, mwanzilishi wa Sealed Knot ya 1968, ulikuwa wa kweli au wa maigizo.

Kwanza tazama ni kundi lipi linalozungumziwa. Lile la miaka ya 1650, zama ambazo Oliver Cromwell alitawala Uingereza bila mfalme, lilikuwa kundi la siri la watu waliopanga kumrejesha Charles wa Pili kwenye kiti cha enzi. Young alilichukua jina hilo mwaka 1968 alipoanzisha chama cha kuigiza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, vilivyoanza mwaka 1642.

Ubrigadia ulikuwa wa kweli kabisa: alikuwa komando katika Vita Kuu ya Pili, kisha akaongoza kikosi cha Jeshi la Waarabu huko Jordan, na baadaye akafundisha historia ya kijeshi Sandhurst, chuo cha maafisa wa jeshi la Uingereza. Chamani alikuwa Kapteni Jenerali, cheo ambacho hakina nguvu yoyote nje ya chama. Mimi nilipobeba mkuki katika kikosi kimojawapo cha chama hicho, mti wa karibu mita tano unaotikisika nchani hata ukiushika kwa mikono miwili, niliamrishwa na watu ambao hawakuwahi kuwa askari, nasi tuliwatii kikamilifu.

Kwa hiyo, unapoandika, kila cheo kiambatanishe na jeshi au chama kilichokitoa.