Boksi la Mjerumani na wiki ya mbalamwezi: ukitaka kuanza hii michezo soma hapa kwanza

Watu wa Kigoma mnajua, mwezi ukishakuwa mkubwa mitumbwi ya dagaa inapumzika maana taa haiwezi kushindana na mbalamwezi, basi hapa Kibirizi vijana wanakuwa wapo wapo tu, na mimi ninayeuza betri na taa za uvuvi ndo kabisa biashara inalala. Zamani wiki hiyo ilikuwa ya drafti na karata, na karata bwana mnajua zinakoishia, mtu anatoka na elfu tano ya unga anarudi nyumbani hana unga wala elfu tano. Sasa hivi mwaka wa tatu tunacheza Catan, mchezo wa mezani wa kujenga vijiji na barabara, na kila nikiweka picha statasi naulizwa hicho ni nini, mnakipata wapi, ni kamari au siyo kamari. Siyo kamari. Mengine naandika hapa mara moja nipumzike.

Mi nililipata kwa bahati tu. Kuna mzungu mmoja alimaliza mkataba akawa anauza vitu vya ndani kabla hajaondoka, nikaenda kufuata feni nikakuta feni imeshachukuliwa, nikarudi na chupa ya chai na boksi la mchezo, maelekezo yote Kijerumani. Nikajisemea Mjerumani huyuhuyu alituachia stesheni ya reli na meli ya Liemba na mpaka leo bado tunavyo, hata hiki hakiwezi kuwa cha hovyo.

Mchezo wenyewe ulitoka 1995, aliyeutunga anaitwa Klaus Teuber, alikuwa fundi wa meno ya bandia, mchana yupo na meno ya watu, akitoka kazini anashuka chumba cha chini nyumbani kwake anatunga michezo halafu anamjaribishia mke na watoto. Mwaka huohuo ukachukua Spiel des Jahres, tuzo yao ya mchezo bora wa mwaka kule Ujerumani ambayo inatolewa tangu 1979. Teuber amefariki 2023. Mi hiyo habari ya kujaribishia watoto naipenda kwa sababu ukicheza unaona kabisa aliyetunga alikuwa anaogopa mtu asije akanuna mezani.

Yaani unakuta hakuna anayetolewa. Kwenye Monopoly ukifilisika mapema unakaa saa nzima unaangalia wenzako wanapeana kodi, huku hapana, wote mpo mpaka mmoja afikishe pointi 10, na pointi unazipata hasa kwa kujenga vijiji na miji. Na dadu akirusha mwenzako wewe pia unaweza kuvuna, kwa hiyo hakuna muda wa kushika simu, kila dadu inayogonga meza inakuhusu. Halafu humpigi mtu ukamwua, unamziba tu barabara, inauma lakini anaishi.

Ila kinachonasa watu wa huku siyo hayo, ni kubadilishana. Kuna kadi za mbao, tofali, kondoo, ngano na madini, na peke yako huwezi kuwa na vyote, lazima umwombe mtu. Hapo ndo namleta mama mdogo.

Mama mdogo anauza mawese sokoni Mwanga. Alipita dukani kwangu kuchukua dumu lake akatukuta, shikamoo marahaba, akaangalia mizunguko kama miwili akasema sogea hapo nami nikae. Shemeji wangu alikuwa anataka kufunga barabara, akaropoka, "Jamani nani ana tofali, nina shida na tofali mno." Mama mdogo kimya. Alikuwa nazo tatu, mi nilizichungulia. Akawa anapanga kadi zake taratibu kama anahesabu chenji, halafu anasema, "Ninayo moja, ila nami naihitaji. Wewe una nini?"

"Kondoo, mama."

"Kondoo wamejaa hapa."

"Basi kondoo na ngano moja."

"Kondoo baki naye. Ngano mbili."

Shemeji akatoa. Zamu iliyofuata tofali ya pili akaniuzia mimi kwa bei ileile, na nilikuwa nimeona kila kitu kwa macho yangu. Ngano zetu zikamkalia vizuri, na mji unajengwa kwa ngano mbili na madini matatu, akatandika mmoja, baadaye wa pili, ametushinda na hata jina la mchezo halijui. Tukamuuliza mama umejuaje. Akasema, "Mteja akifika mezani ananiambia mawese yamemwishia na wageni wapo njiani, bei si ameshanipangia mwenyewe?"

Kwa hiyo ukikaa kwenye hii michezo funga mdomo kuhusu shida zako. Uliza wengine wana nini, wataje wao, we utaje mwisho.

Kosa langu la kwanza ni somo. Siku ya kwanza nilidownload sheria nikazisoma zote kwa sauti, jeshi kubwa, barabara ndefu, bandari, nimefika katikati mmoja kalala na dogo wa bodaboda kapata abiria, na nina wasiwasi huyo abiria hakuwepo. Siku hizi naongea dakika tano tu, unarusha dadu mbili, namba ikitoka aliyejenga pembeni ya kipande cha ubao chenye namba hiyo anachukua mali, mali unajengea, basi tunaanza, mengine yanaelezwa yakitokea. Na mchezo wa kwanza tunacheza mpaka pointi 7 badala ya 10 ili mgeni auone mwisho kabla hajachoka. Wewe unayefundisha usitafute ushindi siku hiyo, mi nilishinda mara nne mfululizo nikajikuta nacheza na watoto wa jirani.

Pa kujenga mwanzoni ndo panaamua nusu ya mchezo. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka, saba inatoka kwa njia sita, 6 na 8 kila moja ina njia tano, lakini 12 ina njia moja tu na 2 moja tu. Dogo wa bodaboda aliweka kijiji kwenye 12 eti ndo tarehe yake ya kuzaliwa, kakaa pale mvua na jua, imetoka mara moja, na siku hiyo ilipotoka mamba alikuwa amekaa palepale. Mamba ni jina letu, wenyewe wanamwita mwizi. Saba ikitoka aliyerusha anamhamisha anakotaka, akishakaa sehemu hakuna anayechota kitu pale mpaka ahamishwe, na mwenye kadi zaidi ya saba anarudisha nusu. Ukiwa na kadi nane usiringe, jenga.

Sasa suala la hela. Boksi jipya siyo bei ya mtu wa kawaida na mi sikushauri ununue ndo uanze. Kadi zangu panya walizimaliza masika yale, ikabidi nitengeneze upya, nikagundua inawezekana bila boksi kabisa. Chukua katoni la sabuni, bikari ya mtoto wa shule, chora duara, halafu usiibane wala usiipanue, tembeza bikari juu ya mstari wa duara, itaingia mara sita sawasawa, unganisha zile alama umepata pembe sita. Kata vipande 19 vya kupanga kuwa ubao, mbao nne, ngano nne, kondoo wanne, tofali tatu, madini matatu, jangwa moja. Namba za kuweka juu ya vipande andika kwenye vizibo vya soda, 18, yaani 2 na 12 kimoja kimoja, zingine viwili viwili, saba haipo. Dadu za ludo. Barabara njiti za kiberiti zilizopakwa rangi, vijiji maharage, soya kwa njano na nyekundu yapo ya kumwaga. Hiyo ni ya kuchezea nyumbani lakini, usije ukaanza kuuza, kazi ya mtu ile.

Mwisho wanne. Akija wa tano anasubiri, na anayesubiri haruhusiwi kufundisha, hilo tumelipigia mstari maana watazamaji wetu tumewalea kwenye bao, wanajua kuliko mchezaji. Mume na mke kwenye meza moja hiyo mtaamua wenyewe, mimi nilipewa tofali kwa bei poa na mke wangu mara moja tu, shemeji, ambaye ni kaka yake, akagoma kula.

Na nisiwadanganye kwamba ni bora kuliko vya kwetu. Bao lina kete 64 na hakuna dadu, ukifungwa umefungwa na akili ya mtu. Kuna mzee wa Ujiji anayelijua bao kwelikweli, tulimkaribisha, akaangalia mchezo mzima, akanyanyuka anafuta kanzu, akasema, "Mnarusha mifupa mnangoja bahati." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Ila bao wanacheza wawili, na sisi hapa dukani tunakuwa wanne, mama mdogo akiwemo.

Juzi mwezi umeanza kuchelewa kutoka, leo asubuhi wawili wameshakuja kuulizia betri. Tumebakisha usiku kama miwili hivi, na mamba amekaa kwenye tofali zangu tangu jana.