Jibu: Kwa nini ni wavulana tu, na ni wa upande wa dada zako?

Mkuu, pole kwa mpwa wako. Umeuliza kama ni kurogwa, maana ni watoto wa kiume tu wa dada zako wanaoishiwa nguvu za miguu. Hapana. Kwa ulivyoeleza, akiinuka sakafuni anajikwea kwa mikono magotini na mapajani, vigimbi vimejaa lakini havina nguvu: inafanana sana na Duchenne, ugonjwa unaodhoofisha misuli kwa sababu ya hitilafu kwenye jeni. Daktari ndiye wa kuthibitisha.

Jeni hiyo ni ya distrofini, protini inayoimarisha misuli. Iko kwenye kromosomu X, tena ni ndefu kupindukia, herufi za DNA kama milioni 2.2. Ndiyo maana huharibika kirahisi. Karibu theluthi ya wagonjwa hawakurithi kwa mama. Protini hiyo ikikosekana, utando wa seli ya msuli unachanika kila msuli unapojikaza. Dada yako ana X mbili, ile iliyo nzima inamkinga. Mwanawe anayo moja tu.

Hela ya mganga iacheni. Mpelekeni hospitali ya Bugando, Mwanza, muulizie kipimo cha damu cha CK, kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli iliyoharibika. Kikiwa juu mno, kinafuata cha jeni. Dawa ya prednisolone haiponyi, ila humchelewesha mtoto kuacha kutembea. Na yule mpwa wako mdogo aliyeko Nansio naye apimwe, hata kama bado anakimbia.