Gongo la Inchi 34 Lilinilia Msimu Mzima

Juzi msichana mmoja anayecheza softiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo unaofanana na besiboli, ameniandikia: "Dada, nina miaka 17, ni mrefu, nataka mpira wangu uvuke uzio wa uwanja. Ninunue gongo la inchi 34?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo niliwahi kuwa nalo mimi mwenyewe, ila sikumuuliza mtu. Nilinunua tu.

Ngoja nikusimulie, mdogo wangu, maana jibu fupi ni "usinunue kwanza" na najua halitakutosha.

Timu yetu ya softiboli ilikuwa na mpigaji mmoja aliyeogopwa na kila mrushaji. Mabega kama mlango. Gongo lake lilikuwa la inchi 34 na aunsi 26, yaani sentimita 86 na gramu 740 hivi. Nikajiaminisha kwamba siri yake ni lile gongo. Nikajibana miezi minne, nikapata la kwangu, la kufanana naye hadi rangi. Siku ya kwanza nilililaza begani nikapita polepole mbele ya wenzangu ili wote walione. Naandika haya na aibu bado ninayo.

Mazoezini lilipiga vizuri, na hapo ndipo liliponidanganya. Mpira unaorushiwa na mwenzako kwa upole unakungoja. Wa mechi haungoji. Mrushaji yuko futi 43 kutoka kwako, kama mita 13, na mpira wa kilomita 100 kwa saa unakufikia kabla ya nusu sekunde kuisha. Humo humo uuone, uamue, uzungushe. Mimi gongo langu lilikuwa likifika mpira umeshalala kwenye glavu ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Nilipobahatika kuugusa, ulikwenda kulia, nje ya mstari wa beisi ya kwanza, kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, tena na tena. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia kama mimi, mpira wa namna hiyo unasema jambo moja: umechelewa. Sikujua kuusikiliza. Nikajitibu kwa dawa isiyo yangu, nikaanza kuzungusha kabla sijauona mpira vizuri, na warushaji wakanigundua. Wakaniletea mipira ya taratibu, nikawa napiga hewa.

Kocha akanishusha kutoka wa tatu kwenye orodha ya wapigaji hadi wa tisa, kisha benchi. Akasema mbele ya wenzangu kwamba sina moyo wa mchezo. Sijasahau. Mtu aliyenitazama nikichelewa mechi saba hakuwahi hata siku moja kulinyanyua gongo langu akasikia uzito wake. Angeniambia tu nipandishe mikono sentimita tatu kutoka kwenye kitako cha mpini, ningelizungusha kwa wepesi zaidi, na isingemgharimu mtu hata senti. Moyo ninao. Kilichokosekana ni mtu wa kunitazama mikono.

Mechi ya mwisho nililiacha nyumbani kwa hasira. Walipoishiwa wachezaji nikaitwa, nikaazima gongo la mdogo kuliko sote: inchi 32, aunsi 22. Mpira wa pili ulipita juu ya beisi ya pili kama umefyatuliwa. Mikono haikusikia mtikisiko wowote. Nilifika beisi ya kwanza nikiwa nalia, wakadhani nimeumia.

Tofauti ya aunsi 4 ni gramu 113 hivi. Hata simu yako huenda ni nzito kuliko hizo. Lakini gramu hizo ziko mbali na mikono yako, na umbali ndio unaozifanya nzito. Shika nyundo kwa mpini uizungushe, kisha igeuze uishike kwa kichwa. Ni nyundo ile ile. Ndiyo maana magongo mawili yenye aunsi sawa kwenye mizani yanaweza kukupa hisia tofauti kabisa: moja uzito wake umesambaa, jingine umerundikwa nchani. La pili waachie wenye nguvu ambao hawachelewi.

Ile namba ya -10 au -8 unayoiona kwenye gongo ni aunsi ukitoa inchi. Inchi 33 na aunsi 23 ni -10. Kadiri tofauti inavyokuwa kubwa, gongo ni jepesi kwa urefu wake. Wa ile softiboli nyingine, ya mrusho wa polepole, watanicheka, wao karibu wote wanashika inchi 34 na kubishana aunsi tu. Mpira wao unashuka kutoka juu bila haraka, wana muda.

Kupima ni rahisi. Weka kitako cha gongo katikati ya kifua, gongo likielekea mbele; ukinyoosha mkono ulishike sehemu nene bila kujivuta, urefu uko karibu. Kisha linyooshe mbele kwa mkono mmoja kwa sekunde 30. Mkono ukitetemeka mapema, ni zito. Halafu simama pembeni mwa bamba la nyumbani, kile kibao cha chini ambacho mpira hupita juu yake, uone kama gongo linafika ukingo wake wa mbali. Mrefu kwa kimo haina maana una mikono mirefu wala yenye nguvu, kwa hiyo pima. Na usihukumu kwa mzunguko wa kwanza. Hukumu kwa wa ishirini, ukiwa umechoka.

Usikimbilie jepesi kupita kiasi pia. Nilifanya kosa hilo msimu uliofuata: nikawa nawahi, mipira inakwenda kushoto na haina uzito wowote. Leo natumia inchi 33, aunsi 23. Jumamosi iliyopita nimefanikiwa kupiga mara tatu kati ya nne, mpira mmoja ukavuka uzio. Natamani yule kocha angekuwepo.

Watu wengi tunanunua ushujaa wa mtu mwingine kisha tunashangaa hautukai mwilini. Acheni! Mabega ya yule dada hayauzwi pamoja na gongo lake.

Basi mdogo wangu, kabla hujatoa hela, azima la 32, la 33 na hilo la 34 lako. Zungusha kila moja mara ishirini, uniandikie ni lipi lililoanza kuchelewa. Rangi usinitajie.