Mleta mada, kale kakatuni ka kucheka (😂) si kicheko. Mimi kalinilia mwaka mzima

Acha. Kama hujatupia hicho kichekesho cha kwanza kwenye grupu, usitupie. Kama umeshatupia, futa, halafu rudi hapa usome.

Nimesoma uzi wako mara mbili, mara ya pili nikiwa kwenye foleni, nikasonya hadi mama wa mbele yangu akageuka akidhani ni yeye. Unasema unasoma saikolojia hapa Dodoma, umekusanya vichekesho 200 vya mtandaoni, utavimwaga kwenye magrupu sita ya WhatsApp wiki ya mitihani, uhesabu 😂 zitakazorudi, kisha uandike kwamba vichekesho vinapunguza msongo wa mawazo kwa wanafunzi. Unauliza kama magrupu sita yanatosha, utumie SPSS (ile programu ya takwimu) au Excel, vichekesho viwe Kiswahili kitupu au uchanganye na Kigogo, na kama utamaliza kabla ya Desemba.

Mwenzako nilifanya utafiti huo huo. Sisemi unaofanana. Huo huo, 2019. Mimi nilikuwa na magrupu manane, kwa hiyo hata ujinga nilikuzidi.

Aliyeniingiza mjini ni kaka mmoja aliyetutangulia, keshamaliza uzamili, anaongea taratibu kama mtu anayelipwa kwa neno. Tulikuwa kwenye kibanda cha chipsi Makole. Akaniambia: "Mdogo wangu, utafiti wa watu ni mateso. Utazunguka na madodoso juani, nusu watakukimbia, nusu watakuomba soda. Wewe hesabu emoji. Emoji haiombi soda." Jua la Dodoma la mwezi wa kumi unalijua. Nilimwona kama nabii. Leo nikikutana naye natamani nimnunulie hiyo soda nimmwagie.

Basi nikawa nakesha. Bando la usiku, maana ndilo la bei nafuu, nahesabu mpaka saa nane. Nikajitungia na jedwali, nikalipa jina zito: Kipimo cha Furaha. Kakatuni kamoja, "amefurahi kidogo". Vitatu, "amefurahi sana". Vitano na kuendelea, "furaha ya juu". Msimamizi wangu alisaini bila kufungua ukurasa wa jedwali, na hilo nalo nina la kusema ila leo niache. Nikachapa nakala nne steshenari, jalada gumu, herufi za dhahabu. Mama yangu Mpwapwa nikamtumia picha ya jalada.

Siku ya utetezi kulikuwa na mzee mmoja mtahini kutoka nje ya chuo, mpole, hapandishi sauti. Wengine waliuliza mambo ya aya na nukta. Yeye akauliza swali moja tu.

"Wewe mwenyewe, mara ya mwisho kutuma vitatu ilikuwa lini?"

Nikasema mimi natuma kila siku, mzee.

"Fungua simu utusomee."

Nikafungua kwa mbwembwe kabisa, nikaanza kusoma kwa sauti kabla macho hayajafika mwisho wa mstari. Nilikuwa nimemwandikia mama mwenye nyumba: "Shikamoo mama, kodi nitaleta Ijumaa bila kukosa 😂😂😂."

Miezi miwili nilikuwa nadaiwa. Kwa jedwali langu mwenyewe, ukurasa wa 34, nilikuwa "amefurahi sana".

Mzee akaniangalia. "Siku hiyo ulikuwa umefurahi sana?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hadi katibu aliyekuwa anaandika muhtasari akaweka kalamu chini. Hicho ndicho kicheko cha kwanza cha kweli kusikika katika utafiti wangu wote, na sikuwa na kipimo chake.

Sikupita. Nikarudia mwaka. Ada tena, bumu hakuna, na nafasi ya kazi niliyoahidiwa ikaenda kwa mtu aliyeandika kuhusu utoro shuleni kwa madodoso ya kawaida, yale yanayoombwa soda. Jirani zangu wakaanza utani kwamba nimesoma saikolojia hadi sasa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, wananisubiri kwa hamu, sema hawajaamua kama niingie kama mtaalamu au kwa mlango mwingine.

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo unapotaka kuvunjika shingo. Kale kakatuni kanafanya kazi nyingi, na kucheka ni kazi yake ya ziada. Tunakaweka kwa sababu tunaona aibu, au tunaomba usikasirike, au tumechoka na maongezi tunataka yaishe kwa heri. Wengine wanakaweka kuonyesha tu kwamba wamesoma. Na kwenye grupu mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu wa kwanza akiweka vitano, wa pili hawezi kuweka kimoja akaonekana ana roho mbaya. Unajua vichekesho vilivyopata alama za juu kuliko vyote kwenye data yangu? Vya kiongozi wa darasa. Vilikuwa vimechacha, vingine tulivisoma tukiwa sekondari, ila yeye ndiye alikuwa anapeleka majina. Nilichokuwa napima ni hofu ya kukatwa jina.

Baadaye sana, kwa uchungu, nikasoma habari za Robert Provine, mtafiti wa kicheko wa Marekani. Huyu bwana hakukaa chumbani. Yeye na wanafunzi wake walikwenda kwenye maduka na mitaani wakasikiliza watu wakicheka, wakanasa vicheko kama 1,200. Wakakuta vingi havikufuata kichekesho chochote. Watu walikuwa wanacheka baada ya maneno ya kawaida kabisa, mfano wa "haya, tutaonana". Na akaonyesha kwamba mtu akiwa na wenzake hucheka mara 30 zaidi ya akiwa peke yake. Yaani hata kicheko chenyewe, chenye sauti na mbavu, kinahusu watu kuliko mzaha. Sembuse kakatuni?

Na usithubutu kuweka ile ya Kashasha kwenye sura ya kwanza. Najua utaiweka, mimi niliiweka, kila mtu anaiweka. Ile picha inayozunguka mtandaoni, "Tanzania iliwahi kucheka mwaka mzima", na vikatuni kumi chini. Kashasha ni kule Bukoba, shule ya wasichana ya misheni. Kucheka huko kulianza na wasichana watatu tarehe 30 Januari 1962, na kufikia katikati ya Machi wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa, shule ikafungwa. Madaktari waliokwenda wakaandika taarifa, na ukiisoma hutacheka: watoto walikuwa wanacheka na kulia, hawatulii. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa. Waliokuja kulichambua tukio hilo baadaye wanasema ni msongo uliotafuta pa kutokea. Mimi nikaiandika kama ushahidi kwamba Watanzania ni watu wenye furaha. Mzee mtahini alikuwa ameizungushia wino mwekundu, pembeni kaandika neno moja: "Kweli?"

Naona pia unautegemea ule utafiti wa kalamu mdomoni. Ule wa 1988, wa Strack na wenzake: mtu akishika kalamu kwa meno, uso unakaa kama anatabasamu, na eti anaona katuni zinachekesha zaidi. Umo kwenye vitabu vyote. Mwaka 2016 maabara 17 ziliurudia kwa pamoja na hazikupata matokeo yale. Strack akalalamika kwamba safari hii waliweka kamera, na mtu akijua anatazamwa hujikaza. Mwaka 2018 watafiti wa Israel wakajaribu: bila kamera matokeo yakatokea, penye kamera yakapotea. Kwa hiyo usiseme "imethibitishwa". Sema watu wanabishana, na usijenge nyumba hapo.

(Ndiyo, najua utaniuliza: kama kutazamwa kunabadilisha mtu, mbona nakuambia ukawatazame? Swali zuri. Nilikaa nalo miezi mitatu. Bora mtu aliyejikaza mbele yako kuliko alama ambayo hujui ilitoka wapi.)

SPSS. Hiyo ndiyo ulikuwa unaulizia, eti? Haya. Nilimpata "mtaalamu wa SPSS", anafanyia kazi nyuma ya steshenari, 150,000 taslimu, harudishi. Matokeo yangu ya kwanza hayakuwa na maana yoyote. Akasema "tulia". Akatoa wanaokaa hosteli. Akatoa wanawake, akawarudisha. Akatoa siku ya Jumapili. Ile namba ya p, ambayo ikiwa chini ya 0.05 watu husema matokeo yana maana, ikashuka hadi 0.04, akapiga meza kama kafunga goli. Nikamshukuru, na maji ya kunywa nikamnunulia! Mwaka 2011 watafiti Simmons, Nelson na Simonsohn walichapisha makala wakifanya uhuni kama huo makusudi, na wakathibitisha kitakwimu kwamba wanafunzi waliosikiliza wimbo fulani wa Beatles wakawa wadogo kiumri kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Umri wenyewe, tarehe ya kuzaliwa! Kwa mtindo wa yule fundi wangu, mama yangu angekuwa mdogo wangu.

Na waambie wenye magrupu kabla hujaanza. Mwaka 2014 Facebook walichapisha utafiti ambao walikuwa wamechezea machapisho wanayoyaona watu 689,003 bila kuwauliza, dunia ikawaka moto. Wale ni Facebook, wana mawakili. Wewe una nani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022.

Narudi kwenye langu moja, ukisahau yote ushike hili: kabla hujahesabu kitu, kaa na mtu mmoja umwone anavyokifanya. Mmoja tu kwanza.

Mwaka wa marudio nilikaa na watu tisa, mmoja mmoja, wengi kwenye benchi za Nyerere Square jioni. Tisa si utafiti, najua, ila hao tisa wamenifundisha kuliko magrupu yale manane. Kulikuwa na kijana wa bodaboda. Nikampa simu yake avinjari kama kawaida. Akaweka vitano mfululizo, uso umekauka kama anasubiri matokeo ya kidato cha nne. Nikamuuliza. "Nimeweka ili jamaa asijue nimenuna, ananidai." Halafu kulikuwa na dada muuza zabibu. Nilimwonyesha kichekesho kile kile kwenye simu yangu, akacheka hadi beseni likainama, zabibu zikamwagika, tukaanza kuziokota wote, bado anacheka. Nikamwambia haya, kijibu kwenye grupu lako. Akasema bando limeisha tangu jana.

Kwenye Kipimo changu cha Furaha, boda ana furaha ya juu. Dada wa zabibu hayumo kabisa.

Kwa hiyo kesho toka, nenda hapo nje ya chuo kwa mama muuza chai, mwombe mtu mmoja akae na simu yake robo saa, umwangalie usoni na siyo kwenye kioo. Kisha njoo uandike hapa ulichoona. Msipomnunulia chai na chapati msinilaumu, na kama ataomba soda, mpe.

Ah, mama mwenye nyumba. Alinijibu siku ile ile: "Marahaba mwanangu 😂😂." Jumatatu akaleta notisi.