Pima mtutu kwanza, kalibu itafuata: jibu kwa mwenye Winchester 1894 ya .38-55

Mkuu, usiifungue hiyo kalibu, kile chombo cha kusubia vichwa vya bunduki kwa risasi iliyoyeyushwa. Iache kwenye boksi lake, na risiti yake uiweke mahali utakapoiona.

Nimesoma swali lako mara mbili ili nihakikishe sijakuelewa vibaya. Umesema umepata Winchester modeli 1894 kwenye mnada huko Colorado, ya .38-55 (ndilo jina la aina ya risasi inayopiga), na namba yake inaonyesha ilitoka kiwandani kabla ya 1899. Umeagiza kalibu ya inchi 0.375 kwa sababu ndiyo saizi uliyoikuta kwenye vichwa vya dukani. Unataka kusubu kwa linotaipu, ule mchanganyiko wa herufi za mitambo ya kuchapia magazeti, kwa kuwa muuzaji amekwambia risasi ngumu ndiyo bora. Halafu ukauliza mafuta gani, baruti gani, ganda la urefu gani, na kama unahitaji kikombe cha shaba kitakoni mwa kichwa. Mimi nimekwama kwenye hiyo kalibu. Njia hiyo nimeipita mwenyewe: bunduki hiyo hiyo, saizi hiyo hiyo, ushauri huo huo wa muuzaji.

Kwanza tuelewane maneno, maana Kiswahili chetu kinaita risasi yale madini yenyewe na kile kinachotoka bundukini. Hapa nikisema risasi ni madini. Kinachoruka nitakiita kichwa.

Yangu sikuinunua mnadani. Alinipa baba mkwe wangu, mzee wa Wyoming, aliyeirithi kwa babu yake. Siku aliponikabidhi aliipangusa kitako kwa kiganja, pale mbao ilipolika ikawa laini kama mpini wa jembe la zamani, akasema tu, "Hii ilitulisha." Hakuongeza neno. Mwenyewe hakuwa ameipiga miaka mingi. Alitaka nimpigie, aisikie tena.

Nikaenda dukani. Muuzaji hakuniuliza bunduki ni ya mwaka gani, hakuniuliza kama nimepima chochote. Alivuta kalibu ya 0.375 rafuni, akanipa na vipande vya linotaipu, akaniambia hiyo ndiyo saizi ya .38-55, basi. Nikasubu vichwa mia moja jioni moja, vinang'aa kama sarafu mpya, nikavipaka mafuta, nikajaza maganda.

Yadi 50, karatasi ukutani, mzee amekaa kwenye kiti chake nyuma yangu. Vichwa kumi. Viwili havikugusa hata ubao. Vingine vilitoboa matundu marefu yenye umbo la tundu la ufunguo, maana yake kichwa kilifika kimelala ubavu, kinajigeuza hewani kama fimbo iliyorushwa. Nikaendelea hadi ishirini, nikidhani mkono wangu ndio unaoyumba. Nilipopitisha kitambaa ndani ya mtutu kilitoka na magamba ya risasi, mepesi na ya fedha, kama magamba ya dagaa kwenye kisu. Nilichimbua vichwa vitatu kutoka kwenye kingo ya udongo. Alama za mifuo, ile mikato ya ndani ya mtutu inayozungusha kichwa, zilikuwa hafifu mno, upande mmoja hazikuonekana kabisa, na kitako cha kichwa kilikuwa kimelika pembeni kana kwamba kimepitishwa kwenye moto wa gesi. Ushahidi wote nilikuwa nao kiganjani siku ile. Sikujua kuusoma.

Nikaipeleka kwa fundi wa bunduki. Huyu ndiye ambaye hadi leo nikimkumbuka nasikia moto kifuani. Alimulika tochi kwenye mdomo wa mtutu, akachungulia nusu dakika, akasema, "Umekwisha huu. Mifuo imelika." Hakusafisha ile risasi iliyoganda ndani kabla ya kuhukumu. Hakusukuma kitu chochote ndani kupima. Hakuniuliza nilikuwa napiga kichwa cha saizi gani! Mtu anayeishi kwa kazi hiyo, na mikrometa, chombo cha kupimia unene mdogo kabisa, nimeiona kwa macho yangu imening'inia juu ya meza yake. Alinishauri kutoboa mtutu wote kwa ndani na kuuvisha mwingine mpya mwembamba, kama vile unavyovisha silinda ya injini shati jipya. Nililipa dola mia nne na kitu, nikangoja miezi mitatu. Ikarudi inapiga vizuri sana kwa vichwa vya 0.375, kwa sababu shati lile lilitengenezwa kwa 0.375. Nilimshukuru, nikamwongeza na bakshishi.

Mwaka uliofuata mzee alihama nyumba. Tulipokuwa tunatoa vitu stoo nilikuta kopo la kahawa, zito, limefungwa kwa waya. Ndani kulikuwa na kalibu ya zamani ya chuma, mishikio yake imeungua ikawa myeusi, na vichwa kumi na kimoja ambavyo mafuta yake yalikuwa yameganda kama nta. Nilikimbia kuleta mikrometa. 0.381. Nikapima cha pili, 0.381. Cha tatu, hivyo hivyo. Nikakaa chini sakafuni palepale. Mzee akaja, akaona nilichoshika, akasema kwa furaha kabisa, "Eeh, hizo ndizo za babu. Alikuwa anasubu mwenyewe, za dukani alisema hazifai."

Unaona sasa? Mtutu ule haukuwa umekufa. Ulikuwa mpana tu, tangu ulipotoka kiwandani New Haven, kama mitutu mingi ya .38-55 ya enzi zile. Vichwa vinavyouzwa leo vingi ni 0.375 hadi 0.377. Mitutu ya zamani, ukipima kutoka kina cha mfuo hadi kina cha mfuo wa upande wa pili, mara nyingi utakuta 0.379, 0.380, na mingine zaidi. Tofauti ya inchi 0.005 ni kama milimita 0.13, karibu unene wa karatasi. Lakini kwa gesi ya baruti upenyo huo ni mlango. Inapita pembeni ya kichwa, inakiyeyusha ubavuni, inapaka risasi ukutani mwa mtutu, na kichwa hakishikwi na mifuo wala hakizungushwi. Kisichozunguka hakikai sawa hewani.

Na ugumu ndio uliomalizia. Risasi laini, kama mchanganyiko wa zamani wa sehemu 20 za risasi kwa moja ya bati, ikipigwa kofi na baruti kitakoni huvimba kidogo na kujaza mifuo. Risasi tupu ina ugumu wa kama 5 kwa kipimo cha Brinell, ule wa ishirini kwa moja ni kama 10, linotaipu ni kama 22. Kwa mgandamizo mdogo wa bunduki hizi, linotaipu haivimbi. Inabaki na wembamba wake ule ule, gesi inapita. Kwa hiyo muuzaji alinipa kichwa chembamba, kisha akanipa madini yasiyoweza kujirekebisha, kisha fundi akaja akaulaumu mtutu. Walikuwa wawili, kila mmoja na ujuzi wa miaka, na hakuna hata mmoja aliyepima.

Mtathmini mmoja wa silaha za kale aliichukua baadaye, akaigeuza kwenye mwanga, akanionyesha kwa ncha ya kalamu pete nyembamba kwenye mdomo wa mtutu, pale shati jipya linapokutana na chuma cha zamani. Ukishaijua huwezi kuacha kuiona. Alisema thamani yake imeshuka karibu nusu. Fedha si kitu, maana sikuwa nauza. Lakini chuma alichopitishia risasi babu yule kilitoka kwa keekee, kikazolewa na taka za karakana.

Sasa fanya hivi, leo, kabla ya jambo lolote. Hakikisha bunduki haina risasi: fungua wenzo, ule mkono wa chini wa kupakilia, angalia chemba, pale ganda linapokaa, angalia na bomba la magazini lililo chini ya mtutu, maana huko ndiko moja hubaki imejificha. Safisha mtutu mpaka kitambaa kitoke safi. Kama kuna risasi imeganda ndani, chukua nyuzi za shaba halisi za kusugulia sufuria, zizungushe kwenye brashi kuukuu, sugua taratibu. Zijaribu kwa sumaku kwanza. Zikinasa ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na zitakukwaruzia mifuo.

Kisha tafuta chubwi ya kuvulia, ile ya risasi tupu, kubwa kidogo kuliko tundu la mtutu. Sisi wa pwani tumezichezea tangu utoto, na hapa zinapatikana kila duka la mishipi. Paka mtutu mafuta kidogo, acha wenzo wazi, igonge chubwi kwa nyundo ya mbao iingie mdomoni mwa mtutu. Itakata pete ndogo ya risasi ukingoni, na ndivyo inavyotakiwa. Kisha isukume kwa fimbo ya shaba au ya mbao ngumu hadi itokee kwenye chemba. Kwa 1894 lazima uanzie mdomoni, kwa sababu nyuma kumezibwa. Sukuma kwa mkono na uusikilize mkono wako. Mahali inapobana na mahali inapolegea utapahisi wazi, na sehemu pana karibu na chemba ni habari unayoihitaji. Ukishasukuma moja, sukuma ya pili, ulinganishe.

Ile chubwi sasa ina mistari. Sehemu zilizoinuka ndizo vina vya mifuo. Pima hapo, mwinuko kwa mwinuko wa mkabala, kwa mikrometa. Usitumie kalipa ya plastiki wala ya dola kumi, hapa tunatafuta inchi 0.001. Pima sehemu tatu, andika. Mikrometa haina mjomba, haitakwambia unachotaka kusikia.

Namba utakayopata uongeze inchi 0.001 hadi 0.002. Ukipata 0.379, kichwa chako ni 0.380 au 0.381. Hiyo ndiyo kalibu ya kuagiza. Na umwambie anayekutengenezea utatumia mchanganyiko gani, kwa sababu kalibu moja hutoa saizi tofauti: linotaipu hunywea kidogo na kutoka nene, risasi laini hunywea zaidi na kutoka nyembamba. Kalibu iliyoandikwa 0.380 kwa linotaipu inaweza kukupa chini ya hapo kwa ishirini kwa moja.

Jambo moja la kukuzuia usikimbilie upande wa pili. Kichwa kinene lazima kiingie na ganda lake ndani ya chemba bila kulazimishwa. Jaza ganda moja la majaribio, bila baruti na bila fataki, ile ya kitakoni mwa ganda inayowasha baruti, uone kama linaingia na kutoka kwa wepesi. Likikwama, usilisukume kwa wenzo. Kuna aloi inaitwa Cerrosafe, inayeyuka chini ya joto la maji yanayochemka. Unaimimina kwenye chemba, unaitoa ikiganda, na baada ya saa moja hivi inakupa umbo halisi la chemba la kupima. Urefu wa ganda ulioniuliza utaujua hapo hapo, maana maganda ya zamani yalikuwa ya inchi 2.125 na mengi ya sasa ni mafupi zaidi, kama 2.085.

Na kwa kuwa umetaja 0.375: kuna risasi nzima, ganda na kichwa, ya aina nyingine inaitwa .375 Winchester, ya 1978, iliyozaliwa kutokana na .38-55 lakini yenye mgandamizo mkubwa zaidi mno. Inaweza kuingia kwenye chemba yako. Isikaribie bunduki yako kamwe, wala isikae rafu moja na zako. Kichwa chako pia kiwe bapa mbele, si cha ncha, kwa sababu kwenye bomba la magazini kila kichwa kinalala juu ya fataki ya mwenzake.

Baruti sitakutajia hata gramu moja. Chukua kitabu cha vipimo cha mtengenezaji wa baruti, fuata palipoandikwa kwa bunduki za zamani. Wadau mnaosoma mkiwa nyumbani, Tanzania au Kenya, sheria huko ni nyingine kabisa, msijaribu kusubu wala kujaza chochote bila kibali.

Kuhusu kalibu uliyoagiza: duka nyingi hazikubali kurudishiwa ikishaguswa na risasi iliyoyeyuka, ndiyo maana nimekuanzia na boksi. Kesho duka la mishipi, jioni pima, halafu uniandikie hapa namba tatu ulizozipata, ya mdomoni, ya katikati na ya karibu na chemba. Na fundi yeyote akikwambia mtutu umekwisha, mwombe akuonyeshe chubwi yake.