Wanaokohoa kwenye foleni ya zahanati

Dada, umeuliza kama barakoa ya kawaida inatosha kukukinga na TB (kifua kikuu) ukihudumia wanaokohoa kwenye chumba kilichojaa watu. Haitoshi. Hiyo mvalishe mgonjwa, inazuia matone yake. Wewe vaa N95, barakoa maalumu inayochuja chembe ndogo za hewani, iliyobana vizuri puani na kidevuni. Ila msianzie kwenye barakoa. Kila asubuhi mmoja wenu apite kwenye foleni akiuliza nani anakohoa. Hao wakae nje kivulini na wahudumiwe kwanza. Makohozi ya kupima yatolewe nje, kamwe si chooni. Madirisha ya pande mbili yawe wazi, na kiti chako kiwe upande upepo unakoingilia, mgonjwa akae upande upepo unakotoka kwenda nje. Ukianza kukohoa wewe mwenyewe, kapime TB mapema. Tafadhali, usijitibu kwa dawa za dukani.