Gitaa Hupigwa, Anayecheza ni Mwingine

SWALI: Mimi hupiga gitaa hotelini, Tanga. Sina bendi, kwa hiyo naingiza mdundo kwenye pedali ya lupu, nakanyaga, unarudia huku mimi napiga solo juu yake. Vyote vinatokea kwenye amplifaya moja ya gitaa. Rafiki yangu ananisahihisha niseme "nacheza mdundo kupitia amplifaya", eti kilichorekodiwa hakipigwi kwa kuwa hakuna ninachogonga. Nani yuko sahihi? Halafu mbona mdundo ukitoka humo sauti inakuwa ya matope?

JIBU: Wewe. Ningeishia hapo, ila rafiki yako amenitonesha kidonda cha siku nyingi.

Mwaka juzi nilialikwa kwenye sendofu. Mshereheshaji, kijana wa suti na Kiswahili cha runinga, akashika kipaza sauti: "Sasa kaka wa bibi harusi atatuchezea gitaa." Bibi mmoja tuliyeketi naye meza moja akasogeza kiti apate kuona vizuri. Kaka akaja, akakaa kwenye kistuli, akainamisha kichwa, akaanza. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Bibi akaniinamia: "Mwanangu, mbona hachezi?" Nikamwambia ndiyo anacheza hivyo. Akamtazama upya, kuanzia viatu mpaka kichwani. "Huyu? Hata bega halijatikisika!"

Bibi hakuwa na kosa. Katika Kiswahili alichokulia, ngoma ina watu wawili: anayeipiga na anayeicheza. Mmoja jasho linamtoka mikononi, mwingine kiunoni, na hakuna aliyewahi kuwachanganya. Ukisema fulani anacheza gitaa, umemwinua kitini umemwingiza uwanjani. Na hiyo "atatuchezea" ndiyo imeharibu kabisa, maana kuchezea kitu ni kukitia mikono bila adabu. "Usichezee gitaa la watu!" ndivyo tulivyofukuzwa utotoni na wenye magitaa yao.

Najua yalikotoka. Kiingereza kina kitenzi kimoja cha mpira, karata, gitaa na santuri. Mtafsiri mwenye haraka akakuta "cheza" mstari wa kwanza wa kamusi, akaifunga. Leo baadhi ya programu za simu ukiziweka kwa Kiswahili, kile kipembetatu kinakuamuru: Cheza. Nimebanwa kwenye daladala, nichezee wapi? Nairobi nimeisikia "kucheza gitaa" hata kwa watu ambao Kiswahili chao kingine nakiamini. Hao nimeshachoka kugombana nao, naitikia kwa kichwa tu.

Na maneno tunayo tele! Mpiga solo hucharaza gitaa, akipandwa na mori hulikung'uta. Wa kinanda hupapasa, wa tarumbeta hupuliza. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz alilicharaza. Jaribu kusema "alilicheza" uone sentensi inavyolegea.

Sasa hiyo hoja ya kugonga. Tunapiga simu, pasi, kura, magoti na mluzi, na hakuna hata kimoja kinachoumia. Tena sauti iliyorekodiwa haikuanza kupigwa jana: santuri ilipigwa, na kwenye vipindi vya salamu redioni msikilizaji aliomba apigiwe wimbo. Mtangazaji hakugonga kitu, alishusha sindano. Wewe unashusha mguu. Neno gitaa lenyewe tumelipata kwa Waingereza, wao kwa Wahispania, na nyuma kabisa kuna neno kithara la Wagiriki. Chombo tulipokea, kitenzi tulikuwa nacho.

"Kupitia" nayo rafiki yako aipunguze. Mdundo unatokea kwenye amplifaya, kama ulivyoandika wewe.

Hukuniuliza jina la pedali, lakini nakuonya. Wapo watakaokuletea "kitanzi" badala ya "lupu", na yote mawili yalishachukuliwa na kliniki ya uzazi wa mpango. Siku ukitangaza jukwaani "subirini kwanza niweke lupu", kina mama wa meza za mbele watakuonea huruma. Mimi husema pedali ya kurudia. Wenzako wa jukwaani wakiita vingine, ita kama wao.

Na matope ni ya Waingereza. Kwetu sauti imeziba. Imeziba kwa sababu spika ya amplifaya ya gitaa, mara nyingi ya inchi 12 isiyo na twita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba), huanza kuishiwa nguvu karibu na hezi 5,000, na mng'ao wa matoazi uko juu ya hapo. Gitaa halioni shida, spika ilitengenezwa kwa ajili yake. Mdundo wenye ngoma, besi na matoazi ndio unaoteseka, na ukiongeza mkwaruzo kwenye amplifaya, vyote vinakwaruza pamoja. Mwombe fundi mitambo aupeleke mdundo kwenye miksa ya ukumbi, gitaa libaki lilipo.

Nikija Tanga nitapita hapo hotelini na yule bibi. Wewe piga, kucheza mwachie yeye.